Subira Si Utumwa: Funzo la Viktor Frankl na Shaaban Robert

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa umma, aliniuliza hivi karibuni fasihi inamsaidia nini mtu anayeonewa kazini. Alikuwa ametoka kwenye semina ambako waliambiwa kwamba furaha ni uamuzi wa mtu binafsi, na kwamba anayelalamika hajajifunza kushukuru. Swali lake lilinirudisha kwa watu wawili wa rika moja, waliotenganishwa na mabara, ambao walilijibu kwa maisha yao.

Viktor Frankl alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1905, akawa daktari wa magonjwa ya akili. Wakati Wayahudi wa Vienna walipokuwa wakihamishwa kwa nguvu, alipata viza ya kwenda Marekani. Aliiacha ipite muda wake ili asiwatupe wazazi wake. Mwaka 1942 yeye, mkewe Tilly na wazazi wake walipelekwa katika kambi ya Theresienstadt. Baadaye akapitia Auschwitz. Yeye alikombolewa mwaka 1945, lakini wote watatu walikufa.

Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1946, Frankl alieleza kwamba mfungwa aliyekuwa na mtu wa kumrudia, au kazi ya kuikamilisha, alikuwa na sababu ya kuivumilia siku. Hakudai kwamba maana humwepusha mtu na kifo. Alikiri kwamba wengi waliokuwa bora hawakurudi. Alichodai ni kwamba, hata mtu akinyang'anywa kila kitu, hubaki na hiari ya kuchagua msimamo wake mbele ya mateso.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani katika idara ya forodha, na sehemu kubwa ya umri wake aliitumikia serikali ya kikoloni, ambayo madaraka yake ya juu yalishikwa na Wazungu. Alifiwa na mkewe Amina, akamlilia kwa shairi. Kalamu hakuiweka chini.

Mwaka 1951 riwaya yake ya Kusadikika ilichapishwa. Ndani yake Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Kizimbani haombi huruma. Anaitumia nafasi ya kujitetea kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mambo ya manufaa kwa nchi yao, nao waliporudi wakatupwa gerezani. Mwishowe Karama anaachiwa huru, na wajumbe wale nao wanafunguliwa. Angeweza kusema mwenyewe amejifunza kuridhika na hali yake. Badala yake alisema nchi yake imekosea.

Hapa ndipo saikolojia na fasihi zinapokutana, na ndipo semina zetu zinapopotoka. Frankl hakufundisha kwamba mateso ni mema. Alifundisha kwamba mateso yasiyoepukika yanaweza kupewa maana. Yanayoepukika, wajibu wa mtu ni kuondoa chanzo chake. Kuteseka bila ulazima hakukuwa ushujaa kwake. Msiba wa kufiwa hauna rufaa. Mshahara uliocheleweshwa, cheo kilichotolewa kwa upendeleo na sheria kandamizi vina rufaa, kwa kuwa vimefanywa na watu.

Kuishi vema, basi, si kutafuta utulivu wa nafsi pekee. Ni kuwa na jambo lililo kubwa kuliko nafsi yako, na kuwa na busara ya kupambanua lipi la kuvumilia na lipi la kupinga. Anayempa mnyonge subira pale anapostahili haki hamfundishi hekima, bali anamlinda mwonezi.

Nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: amshukuru Mungu kwa uzima wake, kisha aandike barua ya malalamiko. Hakuna mgongano kati ya mambo hayo mawili.