Majina ya Njaa

Watu wasioandika vitabu hawakosi historia. Wakamba wa zamani walihesabu miaka yao kwa mambo makubwa yaliyowapata, na katika mambo hayo njaa ilikuwa na nafasi ya mbele. Kila njaa kubwa ilipewa jina, na mtu aliyetaka kujua umri wake aliambiwa kuwa alizaliwa kabla au baada ya njaa fulani. Tutatazama majina matatu ya namna hiyo, maana kila moja lina funzo liwezalo kumfaa mwanafunzi wa leo.

Jina la kwanza ni Ngomanisye, yaani njaa iliyowakuta watu wote. Ilikuwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, tangu 1897 hivi hata 1900. Misiba ilifuatana kama siafu. Sotoka ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe, nzige wakala mimea, mvua ikakosa, kisha ndui ikawashika watu waliodhoofika. Desturi ya kale ilikuwa na dawa yake. Mkamba ambaye ghala lake lilikuwa tupu alichukua mbuzi wake akaenda kwa rafiki zake Wakikuyu wa milimani, akarudi na chakula. Urafiki huo ulikuwa kama ghala la pili. Lakini safari hii mlima na bonde vilikauka pamoja, na rafiki hakuwa na cha kumpa rafiki. Wakati huo huo misafara ya wageni, na kazi ya reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilihitaji chakula kingi, na nafaka ilinunuliwa katika nchi ile ile.

Watu wengi mno walikufa. Kusini mwa nchi ya Wakikuyu jamaa waliosalia walihamia kaskazini kwa ndugu zao, wakingoja mvua. Waliporudi walikuta sehemu ya mashamba yao imegawiwa walowezi, kwa kuwa nchi isiyo na moshi wa jikoni ilidhaniwa haina mwenyewe. Basi njaa ilichukua uhai kwanza, kisha ikafungua mlango wa kuchukuliwa ardhi. Uchungu wa ardhi hiyo ulidumu hata siku za kupigania uhuru. Ndivyo ilivyo: msiba usiotayarishiwa hauishi siku mvua inyeshapo.

Jina la pili ni Ndeke, maana yake ndege ya kurukia angani. Mwaka 1961 nchi ilikuwa imechoka kwa ukame, na watu wakaomba mvua. Mvua ikaja katika miezi ya mwisho ya mwaka huo, lakini ilikuja kwa ghadhabu. Mito ilifurika, madaraja yakachukuliwa na maji, na barabara zikawa matope. Chakula kikabidi kupelekwa kwa ndege. Hapa funzo ni jingine. Chakula kinaweza kuwapo, na mwenye njaa akafa, ikiwa hakuna njia kati ya ghala na mdomo. Daraja imara na barabara njema ni sehemu ya akiba ya taifa sawasawa na gunia la mahindi.

Jina la tatu ni Nikw'a Ngwete, yaani “nafa hali nimeshika”. Kilichoshikwa ni fedha. Mwaka 1984 mvua ya masika ilikosa katika sehemu kubwa ya Kenya, na mtu aliweza kwenda sokoni na shilingi zake akarudi nazo, kwa sababu hapakuwa na cha kununua. Wafugaji walipoteza mifugo mingi. Walakini jambo moja lilikuwa tofauti na zamani. Serikali iliona dalili mapema, ikahesabu akiba iliyokuwamo ghalani, ikaamua kununua mahindi ng'ambo kwa fedha zake kabla ghala halijawa tupu. Mahindi ya manjano yakashushwa Mombasa na kupelekwa bara. Wengi hawakuipenda ladha yake, lakini yaliingia sufuriani, na njaa haikugeuka kuwa mauti ya halaiki.

Mwaka huo huo, katika nchi jirani ya Ethiopia, watu mamia ya maelfu walikufa. Ukame ulikuwapo huko pia, lakini juu yake palikuwa na vita, na watawala ambao mwezi wa Septemba 1984 walisherehekea kwa fahari miaka kumi ya mapinduzi yao hali vijiji vikiteketea. Kwa kulinganisha nchi hizi mbili twaona wazi kuwa ukame hutoka mbinguni, lakini njaa aghalabu hutengenezwa, au huzuiwa, na watu.

Mtu asidhani kuwa mambo haya yamekwisha. Mwaka 2011 Kenya iliunda mamlaka maalumu ya kushughulikia ukame. Hata hivyo kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika kaunti kavu. Ofisi peke yake haitoshi. Mkulima apaswa kupanda mtama na mihogo kando ya mahindi, maana hiyo huvumilia jua. Mfugaji apaswa kuuza baadhi ya wanyama wangali wanono, si siku wanapoanguka. Jamaa wapaswa kuweka akiba, na kusikiliza habari za hali ya hewa kama wanavyosikiliza habari za mpira.

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Njaa nayo ina mawingu yake: bei inayopanda, ghala linalopungua, mifugo inayouzwa kwa haraka. Nyinyi mnaosoma kurasa hizi ndio mtakaokuwa wakulima, madaktari, wahandisi na mawaziri wa kesho. Jifunzeni kuyaona mawingu hayo mapema, na mkiisha kuyaona, msingoje kuambiwa.