Mipira Mitatu Mezani kwa Profesa Oak

Februari 27, 1996, kaseti mbili za gemu ya Pokémon, moja ya toleo jekundu na nyingine ya toleo la kijani, ziliingia madukani Japani. Zilichezwa kwenye Game Boy, mashine ya mkononi iliyokuwa sokoni tangu 1989 na ambayo wengi walishaiona imezeeka. Mchezaji akitaka kutoka kijijini kwake, Profesa Oak humzuia, humpeleka maabara na kumwonyesha mipira mitatu juu ya meza. Mmoja una Bulbasaur, kiumbe wa majani. Wa pili Charmander, wa moto. Wa tatu Squirtle, wa maji. Mchezaji anaruhusiwa kuchukua mmoja tu.

Uamuzi huo unafanywa na mtu ambaye bado hajui chochote. Hajapigana hata pambano moja, na pengine anachagua kwa sura au kwa rangi iliyochapwa kwenye kaseti. Pembeni yake amesimama mjukuu wa Profesa, hasimu wake, ambaye husubiri makusudi aone kilichochaguliwa ndipo achukue kile kinachokishinda. Maji huzima moto, moto huunguza majani, majani hunyonya maji. Kwa hiyo pambano la kwanza kabisa ni dhidi ya yule anayekuzidi kwa asili yake, na mjukuu huyo atakufuata na kiumbe huyohuyo, akizidi kukomaa, hadi mwisho wa safari.

Gemu haikuuliza popote kama unataka njia rahisi au ngumu. Jibu lilikuwa limefichwa pale mezani. Bingwa wa kwanza njiani, Brock, ana viumbe wa mawe, na mawe hayatishwi na moto. Anayemfuata, Misty, ni wa maji. Aliyechukua Bulbasaur aliwapita wote wawili kwa urahisi. Aliyechukua Charmander alitokwa jasho tangu mwanzo. Gemu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2004, Charmander alifundishwa pigo la kucha za chuma mapema, na aliyemchagua akapata namna ya kumkabili Brock.

Tena kaseti ilihifadhi safari moja tu. Aliyejutia chaguo lake hakuwa na pa kurudi ila kuanza upya, na safari mpya ikihifadhiwa, ile ya zamani ilipotea pamoja na viumbe wote aliowalea.

Mimi naamini uzito halisi wa meza ile uko kwa wale wawili wasiochukuliwa. Satoshi Tajiri, aliyebuni gemu hii, alikulia Machida, pembeni mwa Tokyo, akikusanya wadudu kwenye mashamba na madimbwi ambayo baadaye yalimezwa na majengo. Alipoona waya wa kuunganisha Game Boy mbili, alifikiria wadudu wakitambaa ndani yake kutoka mashine moja hadi nyingine. Kampuni yake, Game Freak, ilitumia takriban miaka sita kuifikisha ndoto hiyo dukani. Ukilijua hilo, meza ya Oak inaeleweka vizuri zaidi. Wale watatu hawapatikani porini, hata ukizunguka kila kichaka. Hasimu huchukua mmoja, na mpira wa tatu hubaki palepale. Ukiugusa, unaambiwa kuwa huyo ndiye wa mwisho wa Profesa. Mwenye Squirtle anayetaka kuwakamilisha wote hana budi kumtafuta aliyechagua Bulbasaur na aliyechagua Charmander, wakae pamoja, waunganishe waya. Uchaguzi wa mtoto mmoja ulimfanya awahitaji wenzake, na sijui gemu nyingine ya wakati ule iliyolifanya hilo kwa ustadi kama huu.

Toleo la manjano la 1998 liliiacha desturi hiyo ya kuchagua. Likiifuata katuni ya televisheni iliyoanza mwaka uliotangulia, lilimpa kila mchezaji Pikachu, na wale watatu wakagawiwa njiani bure. Pikachu anayetembea nyuma yako alipendwa, na anastahili kupendwa, lakini hapakuwa tena na cha kuchagua. Matoleo makuu mengi yaliyofuata, kuanzia yale ya dhahabu na fedha mwaka 1999, yakarudia majani, moto na maji.

Kilichobadilika polepole ni hasimu. Mwaka 2016, katika toleo la jua na la mwezi, hasimu aitwaye Hau huchagua kiumbe anayezidiwa na wako. Hop alifanya vivyo hivyo mwaka 2019, na Nemona mwaka 2022. Ni wema, ila pambano la kwanza limepoteza makali yake. Mpira wa tatu nao umepata mwenyewe: Leon, kaka yake Hop, huondoka na kiumbe aliyebaki, na katika toleo la 2022 Mkuu wa shule, Clavell, humlea yule ambaye hukumtaka, kisha baadaye hupambana nawe akimtumia.