Safu ya Lugha: Shinikizo

Neno la leo ni shinikizo. Zamani lilitaja kinu cha kukamulia mafuta: ufuta uligandamizwa, mafuta yakachuruzika. Leo tunalisikia zaidi hospitalini, kwenye shinikizo la damu, na katika siasa. Lakini nyumbani kwake hasa ni karakana ya mhandisi wa haidroliki.

Ingia kiwanda cha mkonge Korogwe. Fundi anavuta mkono wa mashine, oili inajaa kwenye silinda, pistoni inasogea polepole, na nyuzi zilizofura zinakuwa robota gumu la katani. Kazi ni ileile ya kinu cha ufuta.

Kisha panda Handeni. Maji ya Mto Pangani huvutwa upande wa Korogwe na kusukumwa kwa pampu. Kila mita 10 za mwinuko hudai shinikizo la takriban angahewa moja. Mhandisi akikosea hesabu hiyo, bomba hupasuka au ndoo hubaki tupu.

Mafundi husema "presha", na wanaelewana vizuri. Hata hivyo, naomba darasani tufundishe shinikizo: limebeba ufundi wa mababu zetu.