Usaili wa Mwalimu Kutoka Butiama

Mwaka jana niliitwa kwenye usaili wa kazi jijini. Watu watano mezani, mimi na shati la kuazima. Mmoja akauliza: "Kwa nini tukuchukue wewe?" Jamani, nilijisifu! Nikasema naweza kila kitu, hata programu ambazo sijawahi kuzifungua. Wakaniuliza swali moja tu juu ya programu hizo, nikabaki natoa macho. Kazi sikupata.

Mwezi huu nimeitwa tena, mahali pengine. Nina wadogo wawili wanaosubiri ada, kwa hiyo hili si jambo la mzaha. Wiki iliyopita gazeti lilinituma Butiama. Nilipomaliza kazi nikapita kwenye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, kisha nikaenda kukaa kwenye mawe ya Mwitongo, karibu na kaburi lake. Nikawaza: huyu mzee naye aliwahi kutafuta kazi kama mimi. Yeye alifanyaje?

Alimaliza Makerere mwaka 1945 na stashahada ya ualimu. Alitakiwa na shule mbili za Tabora: ya serikali, aliyosoma mwenyewe, na St. Mary's ya wamisionari. Serikali ilikuwa na masilahi mazuri zaidi, na pensheni juu. Yeye akachagua St. Mary's. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba usaili una pande mbili: wanakupima, nawe unawapima. Mimi mwaka jana sikuwa na swali hata moja la kuwauliza.

Lakini usaili wake mkubwa ulikuwa New York, tarehe 7 Machi 1955, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Alikuwa na umri wa miaka 32, mwalimu wa Pugu, rais wa TANU iliyokuwa haijatimiza hata mwaka. Nauli ilitokana na michango. Na Uingereza, mtawala aliyekuwa akilalamikiwa, alikuwa na kiti chake humo humo barazani!

Alikwenda akiwa amejiandaa. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea Tanganyika mwaka 1954 ulikuwa umependekeza nchi ijitawale ndani ya miaka 20 hadi 25. Waingereza hawakutaka kupangiwa muda. Nyerere hakupiga kelele wala kudai uhuru wa kesho asubuhi. Aliiunga mkono ripoti hiyo, akaomba itamkwe wazi kwamba Tanganyika itakuwa kwanza nchi ya Waafrika, ingawa ina watu wa rangi zote. Aliomba kile alichoweza kukitetea akiulizwa. Mimi nilidai nisichoweza kukitetea, na swali moja likaniangusha.

Aliporudi, akatakiwa kuchagua: ualimu au siasa. Mwezi huo huo wa Machi akaacha kazi. Mtu mwenye M.A. ya Edinburgh akarudi nyumbani bila mshahara wa mwezi, akawa anamfundisha padre wa Maryknoll Kizanaki na kutafsiri maandiko ya dini. Mwezi Oktoba akahamia Dar es Salaam kuitumikia TANU moja kwa moja. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, baada ya miaka sita na ushee tu, si 20.

Sisemi niache kazi kama yeye. Wadogo zangu wasingenielewa. Ila safari hii nimesoma habari za wale wanaoniita, nimeandika maswali yangu mawili, na kwenye sivii nimefuta mistari mitatu isiyo ya kweli. Imebaki fupi, bwana, hata inatia huruma. Lakini kila mstari uliobaki naweza kuutetea.

Wakiniuliza kwa nini wanichukue mimi, nitaanzia hapo. Mniombee.