Rekodi Bora ni Ipi? Mkusanyo wa Muziki wa Ikulu nchini Uganda, kutoka Jumba la Makumbusho hadi Kyambogo

Utangulizi

Anayetaka kukusanya rekodi bora za muziki wa bluzi hupita katika njia iliyokwisha kufyekwa na wengine. Tangu mwaka 1920, Mamie Smith alipoimba kwa ajili ya santuri iliyonunuliwa kwa wingi na Wamarekani Weusi wenzake, makampuni ya Marekani yalitambua kwamba katika muziki huo mna fedha. Waimbaji waliitwa mijini, wakaimba dakika tatu upande mmoja wa santuri na dakika tatu upande wa pili, wakalipwa kidogo, wakarudi makwao. Kampuni ya Paramount ya jimbo la Wisconsin ilitoa baadhi ya santuri mashuhuri za namna hiyo, kisha ikaacha kurekodi katika miaka ya mdororo wa uchumi na mabamba yake ya asili hayakutunzwa. Zipo santuri zake ambazo leo zimebaki nakala moja au mbili duniani, na zipo ambazo hazijaonekana tena. Walioziokoa zilizosalia ni watu binafsi waliobisha hodi nyumba kwa nyumba wakiuliza kama kuna santuri kuukuu. Mwaka 1952 Harry Smith alichagua rekodi 84 kutoka rundo lake mwenyewe, bluzi zikiwa miongoni mwake, na kampuni ya Folkways ikazitoa upya. Uteuzi huo ulilea kizazi kizima cha wasikilizaji.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na soko la aina hiyo. Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na santuri zake zikauzwa hapa kwetu. Mkusanyaji wa taarabu anaweza basi kuanza kama mwenzake wa bluzi, yaani kwa kufungua makabati ya watu.

Muziki wa ikulu za Uganda haukuwa na makabati hayo. Ngoma za entenga za Kabaka wa Buganda hazikutungiwa mnunuzi. Zilipigwa ndani ya ua wa ikulu, na aliyetaka kuzisikia ilimbidi awe jirani na ua huo. Kwa hiyo hapa mkusanyo haukuwa kazi ya kuchagua kutoka kilichokwisha kurekodiwa, bali kazi ya kurekodi kwanza, na aliyerekodi ndiye aliyeamua nini kibaki. Makala haya yanafuatilia uamuzi huo kuanzia mwaka 1949, na yanadai kwamba katika muziki wa aina hii ubora wa rekodi haupimwi kwa uzuri wa sauti wala kwa uadimu wa nakala. Hupimwa kwa swali moja: je, mtu aliyezaliwa baada ya mpigaji kufariki anaweza kujifunza kwayo?

Wachsmann na Tracey

Klaus Wachsmann alizaliwa Berlin mwaka 1907, akaihama Ujerumani wakati wa utawala wa Wanazi, na kufika Uganda kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya kufanya kazi ya elimu kwa upande wa misheni za Kiprotestanti, mwaka 1948 alikuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, kazi aliyoishika hadi 1957. Katika miaka hiyo alizunguka nchi akirekodi, akakusanya rekodi zaidi ya elfu moja za makabila mengi. Pamoja na Margaret Trowell alichapisha mwaka 1953 kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za Uganda, na sehemu ya ala za muziki ilikuwa yake.

Wakati Wachsmann akiwa kazini, Hugh Tracey alifika kutoka kusini mwa Afrika na vyombo vyake vya kurekodia, mwaka 1950 na tena 1952, mwaka uleule wa uteuzi wa Harry Smith. Alirekodi katika ikulu za Buganda, Bunyoro na Ankole. Ndani ya rekodi hizo anasikika Temusewo Mukasa, mpiga kinubi cha ennanga wa Kabaka, na anasikika Evaristo Muyinda. Entenga nazo zimo. Tracey alikuwa na desturi ya kupima sauti za ala kwa uma za kupimia sauti na kuandika vipimo, desturi ambayo wakusanyaji wengi wa wakati wake hawakuwa nayo, na ambayo inafaa kusifiwa hata na wasiopenda mwenendo wake mwingine wa kikoloni. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika nchini Afrika Kusini, na mfululizo wake wa santuri ulipita 200.

Hata hivyo santuri hizo zilikuwa na mpaka uleule wa bluzi, yaani dakika chache. Mwimbaji wa bluzi aliyekaa peke yake na gitaa aliweza kuufupisha wimbo wake ukabaki wimbo. Kundi la marimba la Kiganda huanza polepole, mpigaji mmoja baada ya mwingine, na ladha yake huja mkondo ukishakolea. Wafalme hawakukadiria muziki wao kwa urefu wa santuri. Jambo la pili ni kwamba kanda na santuri zilisafiri. Za Wachsmann zimehifadhiwa London, katika Maktaba ya Uingereza, na za Tracey zimo Afrika Kusini. Kwa miongo kadhaa mwanafunzi wa Kampala aliyetaka kusikia ikulu ya Mengo ya mwaka 1952 alihitaji pasipoti.

Sikio linapodanganywa

Kasoro nzito zaidi haikutokana na mashine. Marimba ya amadinda ina vibao 12 na hupigwa na watu watatu. Wa kwanza, omunazi, huanzisha mfuatano wake wa nota zilizopangwa kwa mapigo sawa. Wa pili, omwawuzi, huingiza nota zake katika nafasi zilizo katikati ya nota za mwenzake, kama meno ya magurudumu mawili yanayoingiliana. Wa tatu, omukoonezi, huchukua tu zile nota zinazoangukia vibao viwili vya chini kabisa na kuzirudia juu, kwenye vibao viwili vya mwisho. Majina ya wapigaji yenyewe yanaeleza kazi: omwawuzi ni mwenye kutenganisha. Kiswahili, chenye neno moja la marimba kwa ala hizi zote, bado hakijajipatia istilahi za namna hii, na ingekuwa afadhali kuazima za Kiganda zilivyo kuliko kubuni nyingine zisizo na mpigaji.

Mwishoni mwa mwaka 1959 kijana wa Austria, Gerhard Kubik, alifika Kampala na kujifunza kwa Muyinda, aliyekuwa akifundisha na kuonyesha ala katika Jumba la Makumbusho. Muyinda hakumwanzisha kwa kumsikilizisha kanda. Alimkalisha mbele ya vibao na kumpa sehemu moja ya kushika mpaka mkono uizoee, ndipo mwenzake akaingia. Katika makala aliyoyachapisha mwaka 1960, Kubik alieleza alichokigundua kwa njia hiyo: nyimbo anazozisikia msikilizaji wa amadinda hazipigwi na mpigaji yeyote. Nota za juu za wapigaji wawili hujikusanya sikioni na kuwa wimbo mmoja, za chini wimbo mwingine, ilhali kila mkono unafuata njia sawa isiyo na pindo la aina hiyo. Joseph Kyagambiddwa, Mganda aliyekulia ndani ya muziki huo, alikuwa amekwisha kuandika nota za nyimbo nyingi za amadinda katika kitabu chake cha 1955, akizipanga kwa sehemu za wapigaji, na ilifaa asomwe kwa makini zaidi.

Ugunduzi huo una uzito mkubwa kwa suala la mkusanyo. Mtu mwenye rekodi ya Robert Johnson ya 1936 na gitaa mkononi anaweza, kwa uvumilivu, kuzifuata nota zake moja moja, na vijana wengi walijifunza hivyo. Mtu mwenye rekodi safi kabisa ya amadinda, akijaribu kupiga anachokisikia, atakuwa anapiga kitu ambacho Waganda hawakukipiga kamwe. Kadiri wapigaji wanavyokuwa hodari, ndivyo mshono unavyofichika. Rekodi ambayo msikilizaji wa Ulaya angeiita bora kuliko zote ndiyo inayomficha mwanafunzi mengi zaidi. Kubik aliendelea na uchunguzi wake na mwaka 1999 akachapisha kitabu kuhusu Afrika na bluzi. Si bure kwamba aliyekaa mbele ya Muyinda alikwenda kuisikiliza Mississippi akiwa na shaka juu ya sikio lake mwenyewe.

Mwaka 1966 na baada yake

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali kuu yalishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa II alitoroka, akafia London mwaka 1969. Mwaka 1967 katiba mpya ilifuta falme zote, na wanamuziki waliokuwa wakihudumu kwa zamu ikuluni walipoteza kazi, ala na hadhira kwa mpigo mmoja. Entenga zilihitaji ngoma 15, kumi na mbili kati yake zikiwa zimepangwa sauti, na wapigaji sita waliozoeana. Watu sita waliotawanyika vijijini, kila mmoja akikumbuka sehemu yake, si kundi tena.

Peter Cooke, Mwingereza, alikuwa akifundisha muziki wakati huo katika Chuo cha Taifa cha Ualimu, Kyambogo, alikokaa tangu 1964 hadi 1968. Kyambogo ni kilima cha mashariki ya Kampala, karibu na barabara ya Jinja, na jirani yake ni Banda, mahali ilipokuwa ikulu ya Mutesa I wakati Speke alipofika mwaka 1862. Kwa hiyo muziki wa ikulu haukuwa mgeni kabisa kwenye vilima hivyo, ingawa uliwahi kusahauliwa hapo. Cooke alirekodi na kuchunguza marimba za Kiganda, akarudi Uganda mara nyingi baadaye. Tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba hakuachana na watu wake. Albert Ssempeke, hodari wa ala nyingi aliyewahi kuwa mwanamuziki wa ikulu, alialikwa Chuo Kikuu cha Edinburgh mwishoni mwa miaka ya 1980, alikokuwa akifundisha Cooke. Rekodi na mrekodiwa walikuwa tena katika chumba kimoja, na maswali yaliweza kuulizwa.

Falme ziliporejeshwa mwaka 1993 na Mutebi II kutawazwa, pengo lilikuwa la miaka 27. Katika karne hii Sylvia Nannyonga-Tamusuza wa Chuo Kikuu cha Makerere aliongoza juhudi za kurejesha nakala za rekodi za Wachsmann, na maktaba ya sauti yenye jina la Wachsmann ikafunguliwa Makerere. Safari ya pasipoti ilifupishwa ikawa safari ya daladala.

Kyambogo na vibuyu vya Busoga

Chuo cha ualimu kilikwisha kuunganishwa na taasisi nyingine na kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2003. Mhadhiri wake James Isabirye alijitwika kazi ambayo rekodi peke yake isingeiweza. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu za ufalme wa Busoga, tano au zaidi za ukubwa tofauti, kila moja ikitoa sauti yake, nazo hupokezana mpaka wimbo ukamilike. Zilipigwa katika kutawazwa na mazishi ya wafalme. Mwaka 2012 UNESCO iliziweka katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa haraka. Mabingwa wazee waliokuwa wamebaki walikuwa wanne.

Hesabu hiyo inaeleza tatizo lote. Sehemu ni tano, mabingwa ni wanne. Mwaka 1963 vijana wa Marekani walimpata Mississippi John Hurt kwa kufuata jina la mji wa Avalon lililotajwa katika santuri yake ya 1928. Walimkuta mzee, wakampa gitaa, naye akaendelea alipoishia. Alikuwa peke yake tangu mwanzo, na gitaa huuzwa dukani. Kibuyu kirefu cha bigwala hakiuzwi dukani. Muziki ulipokosa mwitikio, wakulima hawakuwa na sababu ya kuotesha vibuyu hivyo, na mmea wenyewe ukawa adimu.

Ndiyo maana mradi wa bigwala ulikuwa pia mradi wa kilimo: vijana walikusanywa kwa wazee, na mbegu zilitafutwa na kupandwa ili pawe na cha kupuliza. Kwa entenga pia Isabirye alishirikiana na wakusanyaji wa mradi wa Singing Wells, wa Nairobi na London, na mmoja wa wapigaji wa mwisho wa ikulu aliyekuwa bado hai akawafundisha vijana. Rekodi za zamani zilisaidia kuthibitisha kumbukumbu, lakini njia ya kila mkono ilipitishwa na mkono.

Mkusanyo unaojengwa kwa kipimo hicho utakuwa na mpangilio tofauti na ule wa mpenda santuri. Pamoja na wimbo mzima, patakuwa na kila sehemu iliyorekodiwa peke yake, jina la aliyeipiga na la aliyemfundisha, vipimo vya ala kama alivyovichukua Tracey, maelezo kwa lugha ya wenye muziki, na jina la mti au mmea uliotumika. Kwa sehemu kubwa ya rekodi za 1949 hadi 1952 baadhi ya mambo hayo hayawezi tena kujazwa, kwa sababu wa kuulizwa hawapo. Kwa bigwala bado yanawezekana, maadamu waliofundishwa na wale wanne wanapuliza na vibuyu vinaota Busoga.