Kwa nini risasi inakosa: upepo, mwanga na dawa ya vita

SANDOA, LUALABA – Kila vita inapopita, maneno hufuata. Fulani alipigwa risasi tatu, hakuna iliyomgusa. Mwingine alikunywa dawa, risasi zikampita pembeni. Maneno hayo ni ya zamani, na yamepeleka vijana wengi kaburini. Historia ya bunduki zenyewe inaonyesha yalikotoka.

Bunduki za kwanza kuenea upande huu wa Lualaba zilitoka pwani ya Angola kwa wafanyabiashara wa Kireno. Wachokwe walizipata kwa nta, pembe za ndovu na baadaye mpira. Nyingi ziliitwa lazarina, jina la fundi wa Braga huko Ureno, ingawa zilitengenezwa Liège, Ubelgiji. Wachokwe walikuwa wawindaji wa tembo na wahunzi hodari, waliojua kuzirekebisha wenyewe. Katika miaka ya 1880 wapiganaji wao waliivamia Musumba, makao ya Mwant Yav, na Walunda wengi wakakimbia. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Mushidi na ndugu yake Kawele walikusanya watu upya na kuwarudisha nyuma. Leo wajukuu wa pande zote mbili wanakaa pamoja Sandoa.

Bunduki hizo zilikuwa za gumegume. Jiwe linagonga chuma, cheche zinaanguka kwenye baruti iliyo katika kisahani kidogo, moto unaingia ndani ya mtutu. Upepo mkali uliweza kupeperusha baruti ya kisahani. Ukungu wa asubuhi au mvua viliilowesha, na bunduki ikagoma. Hata ilipolia, mtutu wake ulikuwa laini ndani, na goroli halikukaa sawasawa humo. Lilitoka likiyumba. Kufikia mita 100, kumpata mtu mmoja ilikuwa bahati zaidi kuliko ufundi. Halafu ukaja moshi: siku isiyo na upepo, moshi wa baruti ulining'inia mbele ya mpigaji, asione alichopiga.

Mtu aliyesimama mbele ya bunduki kama hiyo alikuwa na nafasi nzuri ya kurudi nyumbani. Kama asubuhi alikuwa amepakwa dawa, ni rahisi kuona angeishukuru nini jioni.

Lakini bunduki zilibadilika. Mafundi wa Ulaya walichonga mifereji ya kuzunguka ndani ya mtutu. Risasi ikatoka inazunguka kama pia, ikaenda mbali na kunyooka. Baruti mpya isiyo na moshi mwingi ikafuata, kisha bunduki za mashini.

Upepo na mwanga havikuacha kufanya kazi. Risasi ya Kalashnikov inatoka kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde. Kwa mita 300 inakaa hewani nusu sekunde tu, lakini upepo wa wastani unaovuma kutoka pembeni unaweza kuisogeza karibu sentimita 30. Kwa mita 100 inasogea sentimita chache tu. Mwanga hauigusi risasi, unadanganya jicho. Jua likipiga upande wa kulia wa kile kichuma kilichosimama kwenye ncha ya mtutu, upande huo unang'aa. Mpigaji anauweka upande unaong'aa katikati, na risasi inakwenda kushoto. Ndiyo maana wapigaji wa zamani walikipaka masizi ya mshumaa. Mchana wa kiangazi, joto linalopanda kutoka ardhini linafanya kitu cha mbali kicheze machoni, kionekane mahali kisipokuwa.

Hizo ndizo sababu za risasi kukosa. Upepo ukitulia, au adui akisogea karibu, hazisaidii tena.

Tanganyika iliona hayo mwaka 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Tarehe 30 Agosti, maelfu walikwenda wazi mbele ya ngome ya Mahenge. Bunduki za mashini ziliwaua kwa mamia. Kongo ilirudia mwaka 1964, wakati wa Simba na "mai Mulele". Askari wengi wa serikali waliiogopa dawa hiyo wao wenyewe, wakakimbia, na Stanleyville ikaanguka mwezi wa 8. Watu walisema dawa imeshinda. Mahali ambapo askari walisimama na kupiga, Simba walikufa kama watu wengine. Na katika Kasai jirani, mwaka 2016 na 2017, wafuasi wa Kamuina Nsapu, wengine wakiwa watoto, walikwenda mbele ya jeshi na fimbo na magobore, wakiamini dawa. Watu zaidi ya milioni 1 walihama makwao.

Kuna jambo lingine ambalo masimulizi ya dawa hayalisemi. Risasi iliyokosa haijaisha. Ya Kalashnikov inaweza kufika karibu kilomita 3, na hata kwenye kilomita 1 na nusu bado inaua. Inapita shamba, inaingia katika ukuta wa udongo, inamkuta mama jikoni. Wazee wa Sandoa wanakumbuka mwaka 1977, wapiganaji wa FLNC walipoingia kutoka Angola tarehe 8 Machi na kuanzisha vita ya siku 80. Sandoa ilichukuliwa, na maelfu ya wakaaji wa eneo hili walikimbilia porini na ng'ambo ya mpaka.  Walijua kwamba risasi haichagui.

Familia zilizohama leo zinajua hivyo pia. Kijana akiwaambia wenzake kwamba risasi ilimpita, inafaa aulizwe mambo matatu: alikuwa mbali kiasi gani, upepo ulivuma wapi, na ile risasi ilikwenda kuangukia wapi.