Makaa, Chama na Kujuana

Siku hizi ukisikia wanawake wa sekta ya kawi wamekutana, picha inayokujia ni hoteli, kadi za biashara na selfi za LinkedIn. Sina neno. Rebecca Miano aliposhika usukani wa KenGen mwaka 2017, mwanamke wa kwanza kuiongoza, hiyo ilikuwa historia. Lakini wanawake wa kawi Nairobi hawakuanzia ofisini. Mimi ningewaanzia Kambi Muru.

Jina Kibera linatokana na Kinubi, kibra, yaani msitu. Askari Wanubi wa KAR, wenye asili ya Sudan, walikaa hapa na vijiji vikabeba majina ya makabila yao. Muru ni Wamoru. Mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Watu wakaja, msitu ukaisha, na badala ya kuokota kuni ikabidi kununua makaa. Wa kukuuzia karibu na mlango wako, mara nyingi, ni mama.

Anayeuza kwa mkebe hawezi kununua lori. Anatafuta gunia moja, pengine kwa deni. Kwa hivyo lazima ajue dereva gani anaaminika, makaa ya nani yamelowa, mteja gani hukopa halafu anahama usiku. Hayo hayafundishwi chuoni. Anaambiwa na mwenzake. Zamu yake ya chama ikifika, ananunua magunia mawili. Kama hiyo si kujuana kikazi, basi sijui ni nini.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliandaa mkutano wa kawi mbadala hapa hapa Nairobi, na miaka hiyo hiyo jiko lenye udongo ndani likaanza kuenea. Sifa zikawaendea mafundi wa Shauri Moyo, na ni haki yao. Wauza makaa ni nadra kutajwa.

Hata vumbi lao lina hesabu. Mtafiti Mary Njenga na wenzake walipima githeri ya watu watano: mafuta ya taa shilingi 45, makaa 26, matofali ya vumbi la makaa na udongo shilingi 3. Tatu! Vumbi lenyewe ndilo lile linalobaki chini ya gunia la mama.

Halafu ikaja 2018. Januari, Gavana Charity Ngilu akapiga marufuku biashara ya makaa Kitui. Februari, serikali ikasimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma. Misitu ilihitaji kupumua, sikatai. Ila bei ikapanda, na mama aliyemjua dereva mmoja tu, wa Kitui, akabaki na mkebe mtupu. Swali la asubuhi hiyo lilikuwa moja: nani mwingine ana namba ya nani?